Msafiri Haambiwi

Mume wangu alijua tangu stesheni. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hukimbilia kusema, "Masikini, alikuwa akikuonea huruma," na mimi sitaki huruma yake isifiwe kabla kosa lake halijatajwa. Mamangu mzazi alikuwa hospitalini Mombasa, hajiwezi, madaktari wameshakata tamaa. Mume wangu alijua. Mimi nimesimama ubavuni pake katika stesheni ya Haidarabadi, ushungi nimeufunga juu ya bendeji ya shingo, nagombana na mchukuzi wa masanduku. Mimi sikujua kitu.

Kwetu kuna desturi, asiyeijua na aijue: msafiri haambiwi tanzia. Ukiwa mbali, wako akiugua au akifa, wewe utaambiwa wote wazima. Ukifika nyumbani ndipo unapovunjiwa habari. Wanasema ni kwa heri yako, usije ukaanguka katika nchi ya watu huna wa kukushika mkono. Tangu utotoni naisikia desturi hii na nilikuwa naiona ya kistaarabu kabisa. Mkuki kwa nguruwe, wenyewe walisema.

Tulikwenda India kutoa uvimbe wa shingo. Si jambo geni; Mji wa Kale hupati nyumba ambayo mtu wake hajapelekwa huko kwa moyo, kwa goti, kwa figo. Nikapasuliwa, nikashonwa, nikapona, alhamdulillahi. Nilichokitaka baada ya hapo kilikuwa kimoja tu: kusikia sauti ya mamangu. Kabla ya kuingia kupasuliwa nilimwomba radhi kwa simu, akanicheka, akasema, "Nenda kwanza, radhi utaijia ukitoka." Basi nimetoka, nipeni mamangu. Nikipiga, amelala. Nikipiga tena, yuko msalani. Nikapiga asubuhi, nikapiga mchana, yuko msalani. Nikamwambia ndugu yangu, "Mtu gani huyu ahamiaye chooni? Mpelekeeni na godoro basi!" Ndugu yangu akacheka. Alicheka, wallahi, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kundi letu la familia kwenye simu nalo lilikuwa kimya, dua za Ijumaa tu na picha za maua. Baadaye ndipo nikajua kwamba walifungua kundi jingine. Wote walikuwemo, mpaka wakwe, mpaka binamu wa Lamu tusiyeonana naye ila harusini. Mume wangu walimtia. Aliyetolewa ni mimi, binti wa mgonjwa.

Treni ikaondoka jioni, twende tukalale ndani yake, asubuhi tuamkie Bombei, kisha tupande ndege. Behewa letu lilikuwa na vitanda vya juu na chini, mapazia, mashuka yaliyopigwa pasi. Mume wangu akanipa kitanda cha chini bila kuombwa. Akaninunulia chai, akaipoza mwenyewe. Akanimenyea chungwa, akaondoa mpaka zile nyuzi nyeupe. Huyu ni mtu ambaye tangu tuoane sijamwona akimenya hata ndizi! Nikajiambia, kumbe India imemtibu na yeye. Nikamtania, nikamwambia tukirudi nyumbani nitajenga reli sebuleni. Akatazama dirishani.

Kila mara alikuwa akitoka na simu, anakwenda kusimama kule mlangoni, kwenye upepo na makelele ya magurudumu. Nikimuuliza, ananiambia ni watu wa kazini, bandarini kuna makontena yamezuiliwa. Nikamwonea huruma. Nikawalaani hao wakubwa wake wasiompumzisha mtu likizoni. Ebo! Mimi nalaani watu wasiokuwepo, na aliyestahili yuko mbele yangu ananikunjulia blanketi.

Mkabala wetu walikuwa mume na mke, wazee wa huko huko. Mwanzo bibi huyo alinitazama tu kama abiria yeyote. Baadaye mume wangu akaongea na mume wa bibi huyo kule mlangoni, mzee akarudi akamnong'oneza mkewe. Bibi akaja akakaa kitandani pangu, akanishika mkono, machozi yanamtoka. Mimi nikadhani ni kwa ajili ya bendeji. Nikaokoteza Kihindi changu cha kwenye filamu nikamwambia nimepona, mama, nimepona, angalia. Akazidi kulia. Nikampa leso yangu, nikambembeleza! Lo! Mtu baki, asiyejua jina langu wala mji wetu uko wapi, aliambiwa habari ya mamangu kabla yangu. Hili mpaka leo likinijia natupa chochote nilichoshika.

Mamangu alifariki kabla ya alfajiri ya Mombasa, sisi tukiwa tunaingia Bombei. Wakamzika adhuhuri ile ile, maana kwetu maiti hasubiri. Adhuhuri hiyo mimi nilikuwa dukani, namchagulia shali. Nilikuwa sina hakika na rangi. Mume wangu akasema chukua ya zambarau, itampendeza. Akasimama pale akanisaidia kupatana bei. Nimemuuliza mara nyingi, moyo wako ulikuwa umeuweka wapi saa ile? Hujibu kwamba wakubwa walimkataza. Wakubwa! Na mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka yote hii ni nani kwake?

Tulilala Bombei, kisha tukarudi. Ndugu yangu alitupokea uwanja wa ndege. Njia nzima nazungumza mimi tu. Tulipofika Kibarani nilikuwa bado namhadithia mashuka ya treni, naye anaendesha kama anayefanya mtihani. Gari tukaliacha karibu na Ngome, tukaingia vichochoroni kwa miguu. Nyumba yetu kabla hujaiona unanusa jiko lake, na siku hiyo ilinukia pilau tangu kona ya msikiti. Nikakuta masufuria makubwa yamepangwa uchochoroni, moto unawaka, wapishi wa kukodi wanageuza wali kwa miiko mirefu. Mji wa Kale masufuria yale hayatoki nje ila kwa mambo mawili, nami kwa furaha ya kurudi nikachukua lile zuri. Nikauliza kwa sauti, bendeji na yote, "Nani anaoa?"

Mpishi mmoja akainamisha uso. Nikaona mlangoni viatu vya wanawake, vimejaa mpaka barazani, na ndani nasikia visomo. Ilikuwa khitma ya mamangu.

Sitaeleza nilivyolia. Nilipopata sauti nilianza na mume wangu, kisha ndugu yangu, kisha yeyote aliyekaa kwenye mkeka. Wakanijibu jibu lao moja: hata ungeambiwa ungefanya nini? Ndege zisingekuwahisha. Mshono ungefumuka. Tumefanya kwa mapenzi. Nikawaambia ningelilia pamoja nanyi, saa mliyolia nyinyi. Ningemsomea Yasini humo humo ndani ya treni badala ya kula machungwa. Wakanitazama kama mtoto anayedeka.

Ndipo mama mdogo, nduguye mamangu wa toka nitoke, aliyekuwa naye kitandani usiku ule, akanivuta kifuani. Alitaka kunipoza, masikini. Akasema, "Nyamaza mwanangu. Mamako hakukusahau. Usiku ule baada ya isha alikuwa na akili zake timamu, akakuulizia. Akasema, nipigieni mwanangu, nataka nimpe radhi yake kwa mdomo wangu."

Nikauliza, "Mkamwambia nini?"

"Tukamwambia uko kwenye treni, simu haishiki. Ukishateremka utapiga."

Simu ilikuwa ikishika usiku kucha. Mume wangu alikuwa akizungumza nao saa ile ile, hatua chache kutoka kitandani pangu, na mimi niko macho.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema haya, hapana neno, atangoja," mama mdogo akasema. "Akawa kila akifumbua macho anauliza, hajateremka bado?"