Bakteria wa gesi aliowalea mke wangu, na ndoo zilizosafishwa msibani

Wakuu, heshima kwenu nyote. Naandika kilichotokea, bila chumvi. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Songea, umri umevuka hamsini. Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejisomea kwenye simu, kamusi ikiwa pembeni.

Nyumbani tuna nguruwe na mtambo wa biogas unaotumia kinyesi chao. Tukishapika, gesi iliyozidi nilikuwa naiachia hewani.

Kisha nikasoma kwamba gesi ile, methane, ni kati ya zinazoipasha dunia joto. Nikasoma pia kwamba kuna bakteria wanaoila. Wakishazaliana, unawachuja, unawakausha, unapata protini ya kuku. Wanapatikana hata kwenye matope ya mpunga.

Nikashuka bondeni na chupa.

Tahadhari kabla sijaendelea: gesi hii ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka. Ndoo zangu tatu, nilizotia matope yale na maji na kuzipitishia gesi kwa mipira, zilikaa nje, mbali na jiko. Msijaribu ndani ya nyumba.

Miezi ya kwanza nilipata maji yanayonuka tu. Mke wangu, Adelina, alinicheka sana. "Baba Debora, wenzio wanafuga ng'ombe, wewe unafuga ukungu."

Mwezi wa sita niliitwa Tunduru kutengeneza mashine, nikakaa wiki nzima. Niliporudi nilikuta juu ya maji kuna utando mwembamba wa rangi ya waridi. Adelina alikuwa amezifunga ndoo kwa blanketi kwa sababu ya baridi yetu ya Songea, na alikuwa anazikoroga mara nne kwa siku. Mimi nilikuwa nakoroga mara moja.

Nikaandika kwenye daftari: kuanzia leo, mlishaji ni Adelina.

Kwa karibu miaka miwili alifungua koki ya gesi asubuhi na jioni. Vifaranga kumi na wawili wa kwanza kula chakula kile walikua vizuri. Sisemi ni ushahidi wa kitaalamu. Ila yeye aliwaonyesha majirani wote.

Halafu figo zikamwangusha.

Alipolazwa, kila nilipoingia wodini swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamekula?" Nikimjibu wamekula, ndipo anauliza habari nyingine. Siku moja aliniambia, "Nikiondoka usiwaache wafe. Ndiyo kazi yangu ya mwisho hiyo." Nikamwahidi.

Alifariki siku ya Jumanne.

Wakuu, mnajua msiba wa kwetu. Mfiwa hukalishwa chini ya turubai, hafanyi lolote. Kazi zote zina watu. Akina mama huchukua jiko na uani, na kila chombo cha nyumba huwa cha msiba.

Watu walikuwa wengi, maji yakapungua, zikatafutwa ndoo.

Nilisikia mifuniko ikigongwa nyuma ya nyumba. Niliijua sauti ile, kwa sababu mifuniko niliitoboa mwenyewe ili nipitishe mipira. Nikainuka nusu. Jirani akanishika bega: "Kaa, mzee. Huko nyuma kuna watu."

Nikakaa.

Niliona aibu. Mwanaume amefiwa na mke, mwili haujafika kutoka hospitali, yeye anakimbilia ndoo! Nilijiambia nitazitazama jioni.

Baada ya muda akaja Skola, mdogo wake Adelina, aliyetoka Maposeni alfajiri. Macho yamevimba, mikono imelowa.

"Shemeji, ndoo zako zilikuwa zimeota uchafu mwekundu. Nimezisugua kwa maji ya moto na dawa. Dada asingependa watu wazione vile."

Nikamwambia, "Ahsante, shemeji."

Nilikuwa na chupa ya akiba ya bakteria wale, mkiniuliza. Ilikaa kwenye rafu ya uani, karibu na ndoo. Niliikuta jikoni imejaa mafuta ya kula.

Tangu hapo nimerudi bondeni mara tatu. Sehemu ileile, matope yaleyale, blanketi lilelile, nakoroga mara nne. Ndoo mbili zimeoza. Ya tatu ina doa dogo la waridi, sina uhakika nalo. Hata likikua, si wale aliowalisha yeye.

Nilichojifunza ni hiki. Chombo chenye uhai kiandikwe nje kwa herufi kubwa. Akiba ikae nyumba nyingine. Na ukiwa mfiwa una ahadi ya marehemu, inuka, hata turubai zima likushangae. Aibu ile ingeisha baada ya dakika moja.

Sasa naomba ushauri, maana hapa nyumbani sina wa kumuuliza.

Skola huja kila Jumapili baada ya misa, ananifulia, ananipikia. Juzi ameiona ndoo ya tatu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike: "Shemeji jamani, umeshaichafua tena? Ngoja nimalize vyombo." Nikamwambia aiache, bado naitumia. Hakuniuliza naitumia kwa kazi gani.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba kazi ya mwisho ya dada yake aliimwaga kwa mikono yake. Nikinyamaza, ipo Jumapili atafika mimi nikiwa kazini, na dawa ya kusugulia anajua inapokaa.

Wakuu, ninyi mngemwambia?