Chumvi ya Kutosha

Barke hakuwahi kumpika bata mzinga mpaka vita vilipomtoa kisiwani Chula, kusini mwa Kismayo, na kumfikisha Mombasa. Kwao kitoweo kilikuwa samaki; kuku alichinjwa mgeni akija. Kwa hiyo Bi Hafswa, mwenye nyumba aliyewapa yeye na watu wake chumba bila kuwauliza watakaa mpaka lini, alipomletea bata mzinga aliyekwisha kunyonyolewa, Barke alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akabaki kumtazama yule ndege asijue aanzie wapi.

"Shika na kitabu hiki cha mapishi," Bi Hafswa akacheka. "Labda mama yenu atakula."

Mama huyo ni Bimkubwa, mkwewe Barke. Tangu waliposhuka mashuani, huu mwezi wa tatu, alikuwa amelala ameelekea ukutani. Wenye bunduki walimnyang'anya nyumba, nyavu za mwanawe, hata vyungu vyake. Akipewa uji alimeza vijiko viwili, akasema ameshiba. Kila asubuhi Barke alipomwinua kumwosha, alimwona amezidi kuwa mwepesi, akaogopa.

Herufi alizofundishwa kwa Kisomali shuleni Kismayo zilimtosha kusomea Kiswahili. Akafuata maneno kwa kidole: "Pasua ndege, mpake chumvi ya kutosha, mwache hadi kesho, kisha mwoke." Kutosha kiasi gani, kitabu hakikusema. Lakini nani wa Chula asiyejua chumvi inayomtosha kiumbe mkubwa hivyo? Alimpasua mgongoni kama nguru anayefanywa ng'onda, samaki wa chumvi wa kukaushwa juani, akamshindilia chumvi ya mawe kila mkunjo, akamgandamiza kwa jiwe.

Kesho yake alimpalia makaa juu na chini. Ndege akatoka mwekundu, wa kupendeza macho. Bi Hafswa alionja kipande, akanywa bilauri mbili za maji.

"Mashaallah," akasema. "Rangi nzuri."

Barke alitamani ardhi impasukie. Zawadi yote ile! Hata hivyo chakula kingine hakikuwapo, akampelekea Bimkubwa kipande kidogo. Bimkubwa alikimumunya. Akageuka, akaupa ukuta mgongo.

"Nani katia chumvi hii?"

"Mimi, mama."

"Kwani huyu anasafiri? Mnampeleka kisiwani Chovai, akaanikwe juani?"

"Kitabu kimesema ya kutosha, mama."

"Kitabu kina mkwe wa kumpikia? Mtu akila hiki atamaliza kisima! Wasikie watu mwanangu kaoa asiyejua chumvi. Nishike mkono."

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni. Wewe nikunie nazi, usinikodolee macho."

Akaenda akijikokota, begani kwa Barke. Alimkatakata yule ndege, akamchemsha kwa maji matupu, akayamwaga, akamchemsha tena, kama afanyavyo mtu na ng'onda iliyokolea. Kisha akatia tui na ndimu, huku akigomba moja kwa moja: moto mdogo, sufuria nyepesi, nazi za Mombasa hazina tui.

Walipokula, nyama ilikuwa ngumu kama kamba, wala haikuwa na ladha ya kusifiwa.

"Kibaya," alisema Bimkubwa, akasogeza sahani. "Niongezee mchuzi."

Barke alimpakulia, akimshukuru Mungu kimoyomoyo, na Bi Hafswa, na hata yule aliyeandika kitabu bila vipimo.