Bawabu Katika Fainali ya Bakuli

Diploma yangu ya usimamizi wa hoteli imetundikwa sebuleni, juu kidogo ya televisheni, mahali ambapo mgeni akija kutazama taarifa ya habari lazima aisome kwanza. Niliipata Doha kwa jasho langu, bila mjomba serikalini na bila shamba la baba la kuuza. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Vigae nilivichagua mwenyewe, na fundi aliyevipanga vibaya nilimfukuza mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani, kwa sababu hapa mtaani kwetu Tanga hakuna anayenikumbuka kwa hata kimoja kati ya hivyo. Wananikumbuka kwa sekunde chache za mchezo ambao hata sheria zake hawazijui.

Nilikuwa bawabu. Hoteli yetu ilikuwa pale The Pearl, kile kisiwa cha Doha cha kutengenezwa chenye boti za matajiri, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mlango mkubwa wa kioo nikiwa na koti la vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe na kofia. Mtu akija, hasa akija kwa haraka huku amebeba kitu, unapiga hatua moja pembeni, unavuta mlango kwa mkono wa kushoto, unanyoosha wa kulia kumwonyesha njia, unainamisha kichwa kidogo, unasema "Marhaba," yaani karibu kwa Kiarabu. Tulifundishwa hivyo mpaka mwili ukawa unafanya wenyewe, akili ikiwa kwingine. Sitaki kujisifu, lakini kulikuwa na wageni waliozunguka kutoka mlango wa pembeni ili waingie kwa mlango wangu.

Asubuhi nilikuwa mlangoni, jioni nilikuwa chuoni. Chumba nilipanga Al Thumama na wenzangu watatu, karibu na uwanja wa ndege, ambako mtu alikatiza maneno katikati ndege ikipita, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Niliisomea diploma yangu katika makelele hayo.

Mchumba wangu alikuwa huku Tanga, mwalimu wa chekechea. Baba yake ni fundi wa breki za treni aliyestaafu. Wazee wangu walipokwenda kuposa aliwapokea vizuri, akawapa chai, akakataa kutaja tarehe. Nikampigia simu mwenyewe.

"Kijana, hii picha uliyotuma," alisema. "Hii kofia ni ya bendi?"

"Hapana, mzee. Ni ya kazini. Nafungua mlango wa hoteli."

"Haujifungui wenyewe?"

Nilimweleza kwamba unaweza, ila wageni wa hadhi ile wanapenda kufunguliwa.

"Basi umekwenda mpaka Uarabuni kufanya kazi ya bawaba," alisema. Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. "Usinielewe vibaya. Binti yangu hakukatai. Mimi ndiye ninayetazama. Siku nikikuona kwa macho yangu haya unafanya kitu zaidi ya kumpisha mtu, tutapanga tarehe."

Ningeweza kumwambia kuhusu diploma, lakini ilikuwa bado haijatoka. Halafu, diploma haionekani ikitendeka. Nilihitaji kitu cha kutazamwa.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa uhasibu, Mmarekani mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akabandika tangazo kwamba chuo kinaunda timu ya mpira wa kwao. Si ule wa kugongana vichwa kwa helmeti. Huu wetu, kila mchezaji anafunga mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni. Mwenye mpira anakimbia kuelekea mstari wa mwisho, na ukitaka kumsimamisha unachomoa kitambaa chake kimoja. Basi. Vyuo kadhaa vya Doha vingecheza msimu mzima, na fainali ingeitwa mchezo wa bakuli, kwa sababu kwao ndivyo wanavyoziita mechi kubwa za kufunga msimu. Chini kabisa tangazo lilisema kila mechi itarushwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa chuo. Nilijiandikisha kwa sababu ya mstari huo wa mwisho.

Nahodha alikuwa dada wa Kikenya, nesi, mwenye mbio za kutisha na mdomo wa kutisha zaidi. Siku ya kwanza ya mazoezi alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe buda," alisema, yaani mzee kwa lugha ya mitaani kwao, "ulishawahi kucheza hii kitu?"

Nikamwambia kwamba shuleni nilikuwa nahodha wa mpira wa miguu. Ukweli nilikuwa nahodha msaidizi, na wa bweni, si wa shule.

"Sawa, nahodha," alisema. "Chukua hizi chupa za maji upeleke pale."

Mechi yetu ya kwanza tulifungwa na chuo cha uhandisi mpaka mwalimu akaacha kuandika pointi. Mimi sikuingia. Lakini niligundua kamera imewekwa wapi, na nikawa ninanyoosha misuli mbele yake kila mchezo uliposimama. Nyumbani niliwaambia kwamba kocha ananipumzisha kwa mechi ngumu. Mechi ya pili tulishinda, ya tatu tukashinda, na bado nilikuwa ninapumzishwa. Nilikuwa mchezaji aliyepumzika kuliko wote nchini Qatar.

Kisha ikaja nusu fainali. Wachezaji wawili walikuwa na mtihani, mmoja alibadilishiwa zamu kazini, na mwalimu alipohesabu waliobaki akanitazama kwa muda kama mtu anayetafuta njia nyingine. Akaniweka nyuma kabisa, mlinzi wa mwisho. Karibu na mwisho wa mchezo, mpira ukarushwa juu upande wangu. Ule mpira una ncha, na ulikuwa unanijia usoni. Nilifanya ambacho mtu yeyote mwenye uso angefanya, nikaufunika kwa mikono yote miwili. Nilipofumbua macho, mpira ulikuwa umekwama kati ya viwiko vyangu na kifua.

"Kimbia, buda!" nahodha alipiga kelele. "Huku! Huku!"

Nikakimbia. Watu wanasema nilikimbia kwa ushujaa. Nilikuwa nakimbia kwa sababu kuna watu wanne walikuwa wananifukuza. Nilipovuka mstari niliendelea mpaka kwenye uzio, nahodha akaja kunirudisha kwa kunishika mkanda. Tukaingia fainali.

Video ile niliituma Tanga usiku huo huo, nikiwa nimeikata vizuri ianzie pale mpira ulipokwisha kuwa mikononi.

"Nimeiona," alisema baba mkwe mtarajiwa. "Mwanzo umekatwa."

"Mtandao, mzee."

"Haya. Hiyo fainali nitaitazama yote. Nawaita ndugu zangu, tutaiunganisha kwenye televisheni kubwa."

Nilijua hapo kwamba nimeyataka mwenyewe. Fainali ilikuwa Ijumaa, siku ambayo mlango wa hoteli haupumziki, na mwenzangu wa Nepal alikubali kunishikia zamu kwa masharti ambayo bado yananiuma. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kuchomoa vitambaa. Wenzangu wa chumbani walikuwa wanachomeka taulo kiunoni na kupita mbele yangu kuelekea bafuni, nami ninachomoa. Nilifika mahali sikukosa hata taulo moja. Mmoja wao alihamia kulala kwa rafiki yake mpaka fainali ipite.

Siku ya mechi hewa ilikuwa nzuri, ile ya Februari ambayo Doha inakuwa kama imekuomba radhi. Pembeni ya uwanja, juu ya meza, lilikuwa limewekwa bakuli lenyewe, la shaba, ambalo waandaaji walilinunua sokoni, pana kiasi cha kulaza mbuzi mzima juu ya wali. Wapinzani walikuwa wale wale wa chuo cha uhandisi. Nilikaa benchi nikiwa na simu soksini, na kabla ya kuanza mchumba wangu alikuwa ameniandikia: "Wameshakaa. Baba amevaa koti."

Baba amevaa koti. Nikairudisha simu soksini.

Tulicheza vizuri, na ninaposema tulicheza nina maana walicheza. Nahodha alifunga mara mbili. Zikiwa zimebaki dakika chache tulikuwa tunaongoza, kidogo tu, kiasi kwamba wakifunga mara moja wanatupita. Hapo ndipo mlinzi wetu wa nyuma akateguka kifundo cha mguu. Mwalimu akageuka kwenye benchi. Wengine walikuwa wameshaingia na kutoka wakihema. Mimi nilikuwa nimepumzika.

"Buda, sikiliza," nahodha aliniambia huku akinivuta mahali pa kusimama. "Wewe ni mtu wa mwisho. Akitupita sisi wote, ni wewe tu. Usimwangalie uso, angalia kiuno. Chomoa. Ni hivyo tu."

"Nimeelewa, dada."

"Sema."

"Kiuno. Chomoa."

Wakaanza. Mpira ukarushwa, ukadakwa na kijana wao mmoja mkubwa, Mlebanoni mwenye mabega ya kabati. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Nahodha akaruka, akakosa kitambaa kwa upana wa kidole. Kati ya yule kijana na mstari nikabaki mimi.

Nilimwona anakuja. Nataka nieleze nilichoona, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Nilimwona mtu mwenye haraka, anakuja kwangu moja kwa moja, amekumbatia mzigo kifuani, mikono yote miwili imejaa.

Mguu wangu ukapiga hatua moja pembeni. Mkono wa kushoto ukavuta mlango ambao haukuwepo. Mkono wa kulia ukanyooka kumwonyesha njia. Kichwa kikainama kidogo.

"Marhaba," nikasema.

Yule kijana akapita. Na naapa, akipita alinijibu, "Shukran."

Akavuka mstari. Kisha upande wao ukalipuka. Mwalimu wetu alikaa chini kwenye nyasi za bandia, yeye mwenyewe, taratibu. Nahodha akanijia.

"Buda," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Umemfungulia mlango?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umenyooka, nikaushusha.

"Nimekuuliza tu nijue. Umemfungulia mlango."

Tulipoteza bakuli. Wale wahandisi walilijaza wali na nyama pale pale wakatuita tule nao, kwa sababu wali ulikuwa mwingi, na yule kijana mkubwa akaninyanyulia paja la kuku akisema mimi ni ndugu yake. Simu haikulia. Niliporudi Al Thumama nilikuta taulo tatu zimetundikwa mlangoni kwetu, na hakuna aliyesema kitu. Ndege ilikuwa inapita.

Asubuhi yake baba mkwe akapiga.

"Kijana. Unajua niliwaita ndugu zangu."

"Najua, mzee."

"Mdogo wangu alianguka kwenye kochi. Mpaka sasa hajaweza kula."

Nikampa mdogo wake pole.

"Nilisema nini mimi? Nilisema nikuone unafanya kitu zaidi ya kumpisha mtu."

"Ndiyo, mzee."

"Ukampisha."

"Ndiyo, mzee."

"Tena vizuri. Yule mtu hakupunguza hata mwendo." Alikohoa, nikajua anazuia kicheko. "Sasa sikia. Mimi nimestaafu reli siku nyingi, lakini nikilala mkono huu bado unavuta breki. Muulize mama mkwe wako viwiko anavyopata. Mtu ambaye kazi imemwingia mpaka mifupani namna hiyo, kazi haitamshinda. Walete wazee. Tupange tarehe."

"Na diploma nayo inatoka mwezi ujao, mzee," nikasema haraka.

"Ilete tu," alisema. "Lakini lete na ile kofia."

Siku ya harusi nilifika nyumbani kwa bibi harusi na wenzangu, na kama ilivyo kwetu nilijua shangazi zake watafunga mlango wadai kifungua mlango, ile pesa ya kumruhusu bwana harusi aingie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikujiandaa kwa baba mkwe kutoka mbele yao akiwa na lile koti lake. Alipiga hatua moja pembeni, akavuta mlango kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akainamisha kichwa.

"Marhaba," alisema.

Mtaa mzima ulikuwa unautazama mkono ule. Nilipita nikiwa na diploma yangu mfuko wa ndani wa koti, imekunjwa mara mbili, na ndani hakuna aliyeuliza nimekuja na nini.