Jinsi jina la Koko Nasieku lilivyoingia kwenye kitabu cha mmisionari

Wakuu, za leo?

Mimi humu huwa msomaji tu, nagonga like napita. Ila nimeona mnabishana kwenye uzi mmoja kuhusu nani anaandika historia yetu, nikasema leo nami nitoe langu. Chumvi sijaongeza.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya zile mvua za El Nino. Nilikuwa binti niliyemaliza form four, nafanya kazi reception kwenye campsite moja Karatu. Mimi ni Mmaasai wa upande wa Loliondo, na Kiingereza changu kilizidi kidogo kile cha kuombea maji.

Akaja mama mmoja wa Kizungu, umri kama sitini hivi. Tumwite Mama Edith. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya maisha ya watu jasiri. Daktari wa wakoma, mwalimu aliyefungwa, watu wa aina hiyo. Safari hii alikuwa anaandika juu ya nesi mmisionari aliyeacha kwao Ulaya akaja kutibu watu Loliondo, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Nesi mwenyewe alishafariki.

Alihitaji mkalimani wa Kimaasai. Meneja akanitoa mimi.

Kabla ya safari akanipa vitabu vyake viwili. Nilivisoma pale reception, kamusi pembeni. Vitamu kwelikweli, sidanganyi. Ila kuna kitu kilinikaa kooni. Jasiri ana jina, ana mama, ana mbwa mwenye jina. Wenyeji wanaomsaidia ni "mpagazi", "mkalimani", "mtumishi mwaminifu". Basi.

Tukaenda. Aliyepita ile barabara ya Wasso miaka hiyo anajua, vumbi mpaka kwenye meno.

Kijijini Oloipiri tulielekezwa kwa bibi aliyefanya kazi na yule nesi miaka mingi, Nasieku. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, nikamsalimia kwa Kimaasai kama anavyosalimiwa koko, yaani bibi.

"Koko, takwenya."

"Iko."

Mama Edith alikuwa na draft tayari. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ile siku ya mafuriko. Watoto wanaharisha ng'ambo ya korongo, wawili wameshakufa, na nesi anavuka maji na dawa kichwani. Ndivyo jarida la kanisa la kwao lilivyoandika. Akataka Koko athibitishe tu.

Koko akasikiliza nilivyotafsiri, akatikisa kichwa.

"Hakuvuka yeye. Nilivuka mimi. Yeye hakujua kuogelea."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mama Edith akaacha kuandika.

"Mwambie labda amesahau. Ni zamani."

Nikamwambia. Koko akacheka. "Mwambie mtu hasahau maji yaliyotaka kumuua."

Mama Edith akafunga daftari. Kwenye gari akaniambia ataweka kwamba nesi alikuwa na msaidizi mwaminifu, inatosha.

Wakuu, nilijua nachezea kibarua changu. Lakini nikasema, "Mama, ana jina. Kama jina lake halimo, na langu usiliweke popote."

Akageukia dirisha. Tulirudi mpaka Karatu bila maneno, kasoro dereva kuuliza kama tusimame tuchimbe dawa.

Meneja alishapata habari kwa dereva. Akaniita.

"Dada, mgeni ndiye anatulisha hapa. Wewe tafsiri, mengine hayakuhusu. Kesho muombe radhi, ama ufungashe urudi kwenu."

Nilitaka sana ile kazi. Nyumbani walikuwa wananitegemea. Lakini kila nikipanga maneno ya kuomba radhi, hayaji. Nitaomba radhi kwa kutafsiri?

Asubuhi nikapiga pasi sare yangu, nikaikunja vizuri, nikaenda nayo mkononi kuirudisha. Nikamkuta Mama Edith mezani, chai imepoa, amezungukwa na nakala za barua ambazo nesi alikuwa akimwandikia dada yake. Akanisogezea moja, kidole chake kwenye mstari.

"Kama N. asingevuka, tungezika watoto wengi. Nilibaki ukingoni nalia."

"Nimeisoma mara nyingi," akasema. "Sikuwahi kujiuliza N. ni nani." Kisha akasema, "Nisamehe. Tunaweza kurudi?"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Akaichukua ile sare mikononi mwangu, akanirudishia. Kibarua kikabaki.

Safari ya pili Mama Edith alikaa chini kwenye ngozi, daftari jipya, akaanza na jina la baba yake Koko. Walipofika kwenye korongo akauliza, "Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikajikojolea. Bahati nzuri nilikuwa majini."

Tulicheka wote. Koko akawa wa kwanza kuacha kucheka.

"Yule nesi usimwandike vibaya. Alilala ukingoni siku mbili, mvua inamnyeshea, hakuondoka. Maji yalipopungua kidogo akaingia huku anatetemeka, nikamshika mkono. Watoto wale tuliwauguza pamoja. Andika yote."

Kitabu kilitoka miaka miwili baadaye. Nilikipeleka Oloipiri mwenyewe. Nikamsomea Koko kwa Kimaasai, wajukuu wamejaa mlangoni. Nesi yumo, na hofu yake na ujasiri wake. Nasieku yumo, chapter nzima, jina lake na la baba yake.

Nilipomaliza akakichukua kitabu, akakipakata. Akamgeukia mjukuu wake mkubwa: "Umesikia? Basi kesho usiniambie mimi ni mzee siwezi kwenda kisimani."

Nilichojifunza wakuu: ujasiri wa wakubwa mara nyingi una mtu pembeni aliyeachwa bila jina, na asiposemewa na anayemjua, hakuna atakayemsemea. Na haihitaji uwe msomi. Mimi nilikuwa wa reception tu.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeona nilikosea adabu kwa mgeni aseme. Na kama kwenu kuna mtu wa namna hii, muweke hapa chini. Ila tusiandikiane "kuna bibi mmoja kijijini". Jina kamili, na la baba yake.