Chombo cha Watu

Kabatini kwa bibi yangu, huku karibu na Moa, kulikuwa na bakuli moja aliloliosha mwenyewe. Wajukuu tulikatazwa hata kuligusa. Nikiuliza la nani, alijibu, "Chombo cha watu hicho." Nilidhani jirani kalisahau, na kwa kuwa nina mdomo, nilimtania kila nilipokuja kutoka mjini, Nguvumali, kwamba huyo jirani ama kafa, ama kakata tamaa.

Ramadhani iliyopita akaja mtaalamu wa mambo ya kale, kijana wa milimani, Mlutheri. Nikampeleka kwenye gofu la msikiti wa kale nyuma ya kijiji. Alishinda na njaa siku nzima kwa kutuheshimu, nikampenda kwa hilo. Alinieleza kwa nini ukumbi ni mwembamba: dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa kumfurahisha fundi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba niliyajua yote tangu tumboni.

Kwenye mihrabu, kile kishubaka cha imamu upande wa kibla, akagusa mashimo ya duara, moja baada ya jingine.

"Humu yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Wezi wameyang'oa yote. Ningepata hata moja, lingenisaidia kujua umri wa msikiti."

Akanionyesha picha ya bakuli la aina hiyo: maua ya buluu, katikati samaki wawili. Mate yalinikauka, na si kwa saumu. Samaki wale nilikua nawachungulia kabatini. Na bibi yangu ndiye aliyewafundisha juzuu watoto wa kijiji kizima. Ataitwaje, mwizi wa msikiti?

Nilirudi mbio nilifiche kabla mgeni hajafika kufuturu kwetu. Nilichelewa. Kwa bibi, mgeni hupewa chombo bora kuliko vyote, na jamvini mbele ya nafasi ya mgeni lilikuwa limekaa bakuli lilelile, limejaa uji wa pilipili manga.

"Shikamoo, bibi," mgeni akaamkia, kanifuata nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Karibu futari."

Samaki walikuwa chini ya uji. Kazi yangu ikawa moja tu: wasionekane. Kila uji ulipopungua nilijaza upawa mwingine. Mgeni alikuwa na adabu, hakujua kukataa. Bakuli la tatu akaanza kutoka jasho. La nne akafungua kifungo cha shati.

"Mwache mtu apumue!" bibi akanikemea, akaninyang'anya upawa.

Mgeni akamaliza. Akatazama chini. Akaligeuza bakuli taratibu, akapitisha kidole kwenye chokaa kavu iliyoganda mgongoni mwake.

"Bibi," alisema kwa upole, "hili ni la msikiti."

"Najua. Miaka yote nasema ni chombo cha watu, hakuna aliyeniuliza watu gani."

Akatueleza. Alikuwa msichana alipowaona wanaume wakiyang'oa mabakuli kwa patasi. Walipoondoka kwenda kula, likiwa limebaki moja, akalibandua kwa kijiko, akalificha ndani ya kanga. Alikusudia kulirudisha. Lakini wezi hawakuacha kuja, kisha akawa mwalimu, na aibu ikazidi kukua.

"Nani angeniletea mwanawe nimfundishe?" aliuliza.

Mgeni akasema bakuli litakwenda kuhifadhiwa mjini, kwenye kabati la vioo.

"Kabati hata mimi ninalo," bibi akasema, tukacheka, naye akacheka. Kisha akaliosha, akalifuta kwa upindo wa kanga, akalijaza tende mpaka samaki wakapotea. Mgeni akashangaa.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu," bibi akamwambia, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Bakuli lilipoondoka, mikono ya bibi ilibaki imekunjuliwa vilevile. Nikaishika. Kisha nikachukua upawa, nikamjazia yeye uji.