Siku Niliyomnyamazisha Baba Mkwe Ili Nipime Sauti ya Sebule

Aibu hii natamani ningeificha, ila Ilomba nzima hapa Mbeya waliiona, basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa majirani.

Sebule yangu ilikuwa inanitesa, maana nikiwasha spika zangu, ukikaa kochi la dirishani besi inanguruma mpaka kifuani, ukihamia la mlangoni huisikii kabisa, na wazazi wa mchumba wangu Upendo walikuwa wanakuja kutoka Iringa kunitazama kabla ya kupokea posa, na baba yake anaimba besi kwaya ya kanisani, nikaapa lazima ajisikie kwenye rekodi ya kwaya yao nitakayowapigia. Njia zilikuwa mbili: nirekebishe ikolaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha besi, kwa masikio yangu, au nitumie programu ya simu yenye maikrofoni, inayopiga mlio chumbani, inasikiliza, kisha inarekebisha yenyewe. Ikolaiza niliijaribu asubuhi, kwaya ikawa kama inaimbia ndani ya ndoo. Upendo akasema, "Achana nayo bwana, wageni wanafika." Niachane nayo? Mimi?

Nikaweka maikrofoni kochi la dirishani, programu ikataka kimya, na hapohapo mlango ukafunguka. "Kamwene!" akasema baba mkwe, mkono kaunyoosha, mama mkwe nyuma yake (na salamu ya Wahehe mnaijua, itauliza watu, mahindi mpaka ng'ombe). Nikaweka kidole mdomoni. "Shhh! Baba, kaeni kwanza, msiongee."

Wakakaa, wameduwaa. Mlio ukaanza chini kabisa, ukapanda, vioo vikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na hapa Mbeya ardhi hutikisika kweli. Mama mkwe akapiga kelele, "Tetemeko!" Wakatoka mbio, baba mkwe na soksi tu, majirani nao nje na watoto mgongoni.

Simu ikaandika kelele zimezidi, rudia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawafuata uani: "Naomba turudie kidogo tu."

Wakarudi kwa heshima ya binti yao, lakini baba mkwe akagoma kukaa popote isipokuwa mlangoni, tayari kukimbia. Nikapima, programu ikakata besi yote iliyozidi dirishani, nikawasha kwaya kwa majivuno. Pale mlangoni zikafika sauti za akina mama peke yake.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Kijana, umeninyamazisha mlangoni, sasa umeninyamazisha na kwenye kwaya."

Posa wamesema nisubiri. Nasubiri, na sebule hii nitaiweza, nitapima kila kochi, ila mgeni akibisha hodi nitazima kila kitu nimsalimie mpaka achoke yeye.