Ujumbe wa Mafuriko Niliouweka Kwenye Droo

Admin, ukiposti hii usiache hata herufi moja ya jina langu. Hao nitakaowataja nimewabadilisha majina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, naishi Tarasaa. Wiki ya tatu hii chakula hakipiti. Simu ikilia tu, naiacha ilie mpaka ikatike.

Mwaka ule wa mvua za El Nino nilikuwa msichana, nimeajiriwa ofisi moja pale Garsen. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza na kumalizia kwa kusema "ova". Watu wa juu ya mto walinipa habari za maji, nami naziandika kitabuni, kisha kwenye ubao uliokuwa nje ili watu wasome. Simu za mkononi hazikuwepo huku kwetu. Watu walitegemea ule ubao.

Kuna wiki tulitangaza mafuriko, watu wakahama na watoto na kuku, maji yasije. Walikuja ofisini kututukana. Bosi akanigeukia mimi: "Kuanzia leo huandiki kitu, si kitabuni si ubaoni, mpaka mimi nikione. Ukiniaibisha tena utarudi kwenu ukalime."

Jumatano iliyofuata bosi akiwa Malindi, redio ikaita. Alikuwa Barisa, kijana wa Kiorma aliyekuwa akipima mto kule Nanighi. Sauti yake ilinitisha kabla sijaelewa maneno. "Dada, maji imetoka nje ya mto. Inaleta miti, inaleta ng'ombe imekufa. Mimi sijaona hii tangu nizaliwe. Ambia watu wahame. Umepata? Ova."

Nikasema, "Nimepata. Ova." Nikaandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye droo nimngoje bosi.

Mchana akaja Hadhara, rafiki yangu tuliyesoma dawati moja. Mama yake alikuwa shambani ng'ambo ya mto, analala kibandani, anawinga ndege wasile mpunga. "Mwenzangu, mto unasemaje? Nikamtoe mama, ama nimwache amalize wiki?"

Ndugu zangu, karatasi ilikuwa hapo kwenye droo, chini ya kiwiko changu. Nikaiona sura ya bosi, nikawaona wale watu wakinitukana. Nikamwambia, "Hakuna habari mpya. Mwache tu." Akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi bosi hakurudi, barabara ilikuwa imekatika. Nami nikanyamaza siku nzima. Ijumaa asubuhi nilikuwa sokoni niliposikia mayowe. Sikufika hata ofisini, maji ya matope yalikuwa magotini, yanabeba vyungu, milango, mbuzi. Nikamwona Hadhara anakimbilia mtoni, wanaume watatu wamemshika, anaita, "Mama! Mama!" Mama yake alipatikana siku ya nne, amenasa kwenye matawi.

Sasa sikieni ubaya wangu. Kabla wakubwa hawajaja kuuliza, niliichana ile karatasi nikaandika kitabuni kuwa ujumbe uliingia Ijumaa alfajiri. Lawama zote zikamwangukia Barisa, kwamba alichelewa kutoa habari. Akafutwa kazi. Maji yalipopungua alikuja Garsen, akasimama mlangoni pangu. "Dada, mimi nilikuambia Jumatano. Wewe ukasema nimepata. Si ulisema?"

Nikamjibu, "Sikumbuki." Akageuka akaondoka.

Nilidhani yameisha. Mwaka huu vijana fulani wanatengeneza ukurasa kwenye mtandao, mtu akiwa popote afungue simu aone mto umefika wapi na tahadhari gani imetolewa. Ni kitu kizuri, hata mimi wameniweka kwenye kamati. Lakini wanaweka pia kumbukumbu za mafuriko ya zamani, na kitabu changu wamekipiga picha. Wamempata na Barisa, mzee sasa, naye kumbe alikuwa akiandika daftari lake na amelihifadhi miaka yote. Kijana mmoja akanipigia: "Mama, kwako ni Ijumaa, kwake ni Jumatano. Labda mmoja alikosea?" Nikasema, "Labda." Akaniambia basi wataweka zote mbili, watu wajionee.

Ukurasa unafunguliwa Jumatatu. Mwenyekiti wa kamati ni Hadhara. Mpaka leo ananiita dada, na jana ameniletea leso sare na yake ya kuvaa siku hiyo. Jina la mama yake litakuwa la kwanza kwenye orodha ya waliokufa, na yeye mwenyewe ndiye atakayelisoma mbele za watu.

Nishikeni mkono wenzangu, naogopa mpaka kulala. Nimwendee Hadhara kabla ya Jumatatu aisikie kinywani mwangu, au nianze na Barisa niliyemwambia sikumbuki? Kila neno lake nalikumbuka. Nifanyeje?